Ng'ombe Walioijua Njia

Mwalimu Olebile Mmolawa amefundisha hesabu miaka ishirini na sita katika shule ya msingi hapo Molepolole, na kwa muda wote huo hakuna mtoto aliyekosea kujumlisha mbele yake akarudi kukaa bila kusikia neno. Ndiyo maana habari ya ng'ombe wa marehemu baba yake huisimulia mwenyewe, tena haraka, kabla mtu mwingine hajaianza. Anasema heri ujicheke, maana ukiwaachia majirani wataongeza chumvi, na habari hii chumvi yake inatosha.

Baba yake, mzee Kelapile, alifariki mwezi wa sita kwenye baridi kali, baada ya kulala kitandani miaka mitatu. Aliacha wosia. Nyumba ya kijijini ilikwenda kwa kitinda mimba, kama desturi inavyotaka, na "ng'ombe wangu wote walioko kambini" wakaenda kwa Olebile, mwana wa kwanza. Wosia haukusema ni wangapi. Mzee naye alipokuwa hai hakusema, na kumwuliza ana ng'ombe wangapi ni utovu wa adabu, hata kama ni baba yako mzazi. Olebile hakuwahi kuuliza. Kwa kweli hata kufika huko kambini, porini walikolishwa mifugo, alikuwa hafiki. Alikuwa mtu wa chaki, na harufu ya zizi ilimpa mafua.

Lakini mwaka huo aliwahitaji ng'ombe kama mgonjwa anavyohitaji maji. Alikuwa ameishi na Mama Sethunya miaka ishirini na minne bila kumtolea mahari. Kila mwaka palikuwa na sababu: mara ukame, mara paa, mara ada ya shule. Sasa binti yao Sethunya alikuwa anaolewa Desemba, na marehemu alikuwa ameusia kwamba arusi isiahirishwe kwa ajili yake. Na huko kwao, mwanamume asiyemtolea mahari mama hana kiti cha kupokea mahari ya binti. Ng'ombe wa Sethunya wangepokewa na mjomba wake, na Olebile angebaki nje akitwanga kinuni nyama ya karamu kama kibarua.

Hilo Olebile angelimeza. La Mama Sethunya ndilo lililokuwa halimezeki. Siku ya kuposwa binti, wanawake walioolewa hukaa pamoja wamejitanda mashali ya miraba, na asiyetolewa mahari haruhusiwi kuyavaa wala kukaa nao, hata kama anayeposwa amemzaa yeye. Mama Sethunya alilinunua shali lake mwaka aliozaliwa Sethunya. Lilikuwa chini ya sanduku la nguo, ndani ya mfuko wa plastiki, na dawa ya nondo.

"Baba Sethunya," alimwambia siku moja akikanda unga wa magwinya, yale maandazi ya kwao, "mwanangu ataposwa, na mimi nitakuwa jikoni nakaanga haya?"

"Tulia, Mama Sethunya. Mzee ameacha ng'ombe."

"Ng'ombe wa mzee nawajua, nimechemsha maziwa yao miaka mitatu nikimnywesha kwa kijiko. Na ahadi zako nazijua pia."

Mwezi wa nane Olebile alikwenda kwa wakili aliyetajwa kwenye wosia kuwa msimamizi wa mirathi. Jina lake Boikanyo Tladi, na Olebile alimkumbuka vizuri: darasa la nne aliwahi kumsimamisha pembeni kwa sababu ya jedwali la saba.

"Shikamoo, Mwalimu," wakili alisema akisimama.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuchukua ng'ombe."

Boikanyo alicheka, kisha akaona mwenzake hacheki. Akamweleza taratibu. Mahakama Kuu imeupokea wosia na kumpa yeye barua ya usimamizi. Sasa anaorodhesha mali. Kisha anatoa tangazo gazetini, yeyote mwenye dai juu ya mali ya marehemu ajitokeze. Madai yakishalipwa anaandika hesabu ya mirathi, inawekwa wazi watu waikague, na isipopingwa ndipo warithi wanapewa chao.

"Itachukua muda gani?"

"Tukienda vizuri, mwaka. Tusipoenda vizuri, usiniulize."

"Arusi ni Desemba, mwanangu. Nigawie wanane tu, hao wengine mtamalizana na mahakama."

"Mwalimu, kwenye daftari lako kugawanya kulitangulia kutoa. Ulitupiga fimbo tulipogeuza. Kwenye mirathi ni kinyume. Unatoa kwanza vya watu, kinachobaki ndicho unagawanya. Tafadhali, hata ndama mmoja asitoke kambini."

Olebile alitoka mle amekasirika. Aliona amefundishwa hesabu na mtoto asiyejua saba mara nane.

Kuna kampuni mjini Gaborone, ghorofani juu ya duka la misumari, iliyokuwa inawapa watu urithi wao kabla mirathi haijafungwa. Olebile alisikia habari zake redioni, akapanda basi. Alipokelewa na kijana mtanashati aitwaye Ditsele, mwenye viatu vilivyochongoka na sauti ya pole nyingi. Alimpa pole ya msiba mara nne kabla ya kumwuliza idadi ya ng'ombe.

Idadi ikawa haijulikani, basi wakaenda kambini wawili hao kuhesabu. Walisimama nje ya zizi, mmoja na chaki yake, mwingine na viatu vyake, wakahesabu mara mbili. Thelathini na mmoja. Mchungaji, mzee Tsoku, aliyekaa na ng'ombe hao tangu nywele zake zikiwa nyeusi, alikuwa ameegemea mti wa lango akiwatazama.

"Mwalimu, mnahesabu nini?"

"Ng'ombe wa baba, mzee wangu."

"Ah. Wa baba," alisema mzee Tsoku, akaendelea kusokota tumbaku yake.

Angeulizwa, angejibu. Lakini mwalimu hakwenda pale kuuliza, alikwenda kuhesabu, na kwa mtu aliyezoea kusahihisha madaftari, maswali huulizwa na yeye anayejua majibu.

Mkataba ulikuwa mwepesi kueleweka. Kampuni inampa leo bei ya ng'ombe wanane. Siku mirathi ikifungwa, inachukua ng'ombe kumi na watano katika fungu lake. Olebile alipiga hesabu kichwani: thelathini na mmoja toa kumi na watano, wanabaki kumi na sita. Hizo pesa zitanunua mnadani wanane wa mahari, na bado kumi na sita wananisubiri. Alitia saini kwa mwandiko ule mzuri wa ubaoni.

Hapo ndipo angesimama. Yeye mwenyewe husema hivyo, na hunyoosha kidole kama anaonyesha mahali penyewe barabarani. Pesa ya ng'ombe wanane ilikuwa mfukoni, mnada ulikuwa Jumamosi, shemeji yake alikuwa anangoja, shali lilikuwa sandukuni. Mtoto wa darasa la kwanza angefaulu.

Badala yake alianza kuwaza. Kwa nini anunue ng'ombe wa watu, wamekonda kwa kiangazi, na yeye ana wake wamenona kambini? Kumi na sita ni wake hata baada ya kampuni. Akitoa wanane leo, mahakama itajuaje? Na pesa hii, je, binti wa mwalimu aolewe bila hema? Basi akalipia hema jeupe na viti mia mbili. Akanunua friza kubwa ya kuwekea nyama, yenye ukubwa wa kumlaza mtu. Akashonesha suti ya rangi ya maziwa. Wahenga walisema mtaka yote hukosa yote, na methali hiyo yeye aliwahi kuiandikisha darasa zima mara hamsini kama adhabu.

Mwezi wa kumi alikwenda kambini akachagua ng'ombe wanane kwa mkono wake. Alichagua walio wakubwa, wenye ngozi inayong'aa, na mbele yao jike kubwa jeusi lenye mabaka meupe, aitwaye Phatshwana.

"Hao?" aliuliza mzee Tsoku.

"Hao. Nina jicho, eh?"

"Jicho unalo. Tena hao hawatakusumbua njiani. Phatshwana anaijua njia."

Olebile aliichukua kama sifa.

Na kweli hawakumsumbua. Walitembea siku nzima bila kiboko, Phatshwana mbele, kama wanaorudi kutoka malishoni. Kulipopambazuka siku ya pili walikuwa langoni kwa Moatlhodi, kaka mkubwa wa Mama Sethunya. Msafara uliongozwa na Ranko, baba mdogo wa Olebile, mzee mwenye heshima zake ambaye ugonjwa wa mtoto wa jicho ulikuwa umemfunika macho yote mawili. Desturi haimtaki mwoaji siku hiyo. Akae nyumbani, wazee wamsemee. Lakini Olebile alikuwa na suti mpya, na alitaka kuona sura ya shemeji yake atakapowaona wale ng'ombe. Akajificha nyuma ya ua wa miiba.

"Hodi wenyewe!" Ranko aliita. "Ni sisi wa ukoo wa Mmolawa. Tumekuja kuomba kibuyu cha maji."

Kibuyu cha maji ndiyo namna ya kumwomba mtu binti yake, na Moatlhodi alitakiwa kujibu kwa maneno ya desturi. Badala yake alikuwa anamtazama Phatshwana, ambaye hakungoja maneno ya mtu. Alikuwa amepita katikati ya wazee, akaingia zizini, akaenda moja kwa moja kwenye hori lililo pembeni, akaanza kunywa.

Moatlhodi alimfuata, akamshika sikio la kushoto, akalikunjua. Kisha la kulia. Akaenda kwa wa pili, na wa tatu, hadi wa nane. Alipogeuka mabega yalikuwa yanamtetemeka.

"Baba Ranko, hawa ng'ombe ni wa nani?"

"Wa marehemu kaka yangu. Amerithi mwanawe."

"Sikio la kushoto limepasuliwa, la kulia limetobolewa. Alama hii ni ya baba yangu, hata ndama hukatwa hiyo hiyo. Mwaka ule wa ukame alimpa mzee Kelapile majike saba wa mafisa, kwa sababu kisima cha kwenu kilikuwa bado na maji. Ndiyo mafisa yenyewe: mwenzako anakulishia ng'ombe wako, maziwa anakunywa yeye, ng'ombe na ndama wanabaki wako. Sasa wamefika kumi na mmoja. Nilikuwa nangoja msiba upoe ndipo nije kuwaulizia." Akainua sauti. "Shemeji! Toka huko kwenye miiba, suti yako inaonekana tangu barabarani!"

Olebile alitoka. Mwiba ulimshika mkono wa koti, akasimama hapo nusu ndani nusu nje, akitamani ardhi impasukie.

"Shemeji," Moatlhodi alisema, machozi ya kicheko yanamtoka, "miaka ishirini na minne tunakungoja, ndiyo unakuja kumwoa dada yangu kwa ng'ombe wa baba yangu?"

Wanawake walikuwa wamesikia tangu jikoni. Wa kwanza alicheka, wa pili akapiga kigelegele cha kejeli, na ndani ya saa moja Molepolole nzima ilikuwa na habari. Ng'ombe walibaki zizini kwao. Msafara ulirudi na fimbo zake.

Jumatatu Olebile alikuwa mbele ya wakili, na suti yenye kiraka. Boikanyo alikuwa na tangazo la gazetini mezani na barua tatu juu yake.

"Tangazo limejibiwa, Mwalimu. Ukiacha hao kumi na mmoja wa shemeji yako, familia nyingine tatu zina ng'ombe kumi na mmoja wa mafisa kwa marehemu. Alama zimekaguliwa, mzee Tsoku amethibitisha wote."

"Mzee Tsoku alijua?"

"Anasema hukumwuliza." Alifunga jalada. "Wewe nawe umetoa ng'ombe kwenye mirathi bila ruhusa. Angekuwa mtu mwingine ningempeleka mahakamani. Bahati yako umewafikisha kwa mwenye mali mwenyewe. Hata mimi nisingewarudisha haraka hivyo."

Olebile alihesabu, safari hii kwa vidole. Thelathini na mmoja toa ishirini na mbili. Tisa.

"Na kampuni inataka kumi na watano," alisema kwa sauti ndogo. "Watanifilisi, mwanangu?"

Boikanyo alikuwa ameusoma mkataba. "Hapana. Wamenunua haki yako kwenye mirathi, mwisho ng'ombe kumi na watano. Haki yako ikiwa tisa, wanachukua tisa. Hawakudai zaidi."

"Kwa hiyo walitoa bei ya wanane, wakapata tisa."

"Ndiyo."

"Na mimi nimepata nini?"

Wakili alijitahidi kukaza uso. "Wewe una friza, Mwalimu."

Nyumbani Mama Sethunya hakucheka, na hilo ndilo lililomwumiza Olebile kuliko kicheko cha mji mzima. Alimkuta ameketi kitandani, sanduku liko wazi.

"Ungenunua wembamba," alisema. "Ungenunua wenye mbavu nje, mmoja kipofu. Mimi ningevaa shali langu. Ulikuwa nazo pesa mkononi, Baba Sethunya. Ulikuwa umenishika mimi mkononi, ukaniachia, ukanunua friza."

Olebile aliona haya, haya ya kweli, ile inayomfanya mtu asikie masikio yake yanawaka. Alilala sebuleni siku nne bila kuambiwa.

Siku ya tano Moatlhodi alikuja akiwaswaga Phatshwana na ndama wake jike. Hakumsalimia Olebile, alimwita dada yake. Anayekulishia ng'ombe wa mafisa, alisema, hatoki mikono mitupu. Desturi inamdai mwenye ng'ombe shukrani. Mzee Kelapile alishapewa yake zamani. Lakini miaka mitatu ya mwisho mzee alikuwa kitandani, na aliyeamka kupokea maziwa kutoka kambini, akamlisha, akamwosha, akampelekea mchungaji posho yake, alikuwa Mama Sethunya. Basi hawa wawili ni wake yeye, si wa mirathi, si wa mume.

"Si mume bado," alijirekebisha, akaenda zake.

Mama Sethunya alimshika Phatshwana shingoni kwa muda. Kisha akamwita Olebile.

"Chukua hawa. Nenda ukanioe."

"Mama Sethunya, jamani. Nikuoe kwa ng'ombe wako mwenyewe?"

"Ulitaka kunioa kwa ng'ombe wa baba yangu. Hawa angalau ni wangu."

Olebile aliuza friza kwa mwenye bucha, kwa nusu ya bei. Suti ilinunuliwa na kijana wa kwaya ambaye hakujali kiraka. Mwenye hema alirudisha robo na maneno mengi. Alikwenda mnadani akiwa na vijisenti hivyo, akatafuta ng'ombe wawili wa bei ya chini kabisa, na kabla ya kutoa pesa aliwashika masikio yote manne, akauliza karatasi, akauliza jirani wa muuzaji, akauliza mchungaji, akamrudia muuzaji. Mwishowe yule mtu alimwuliza kama ananunua ng'ombe au anamwoa.

Katikati ya Novemba Ranko aliongoza tena msafara, ng'ombe wanne, wawili wanene na wawili unaoweza kuwahesabu mbavu. Olebile alikaa nyumbani kama mwoaji anavyotakiwa, akisaga meno. Waliorudi walimsimulia. Phatshwana alipita katikati ya wazee, akaenda kwenye hori lake.

"Phatshwana tena?" Moatlhodi alisema. "Huyu tumpe ufunguo wa lango."

Wazee wa kwao waliingia ndani kushauriana. Wanne ni wachache, mmoja alisema. Lakini idadi inagawanyika kwa mbili kama desturi inavyotaka, wana miguu yao, si pesa, na safari hii masikio ya wale wawili si yetu. Walikaa sana. Kisha Moatlhodi akatoka na kumjibu Ranko kwa maneno ya desturi, yote, bila kuruka hata moja, na akampa kibuyu cha maji.

Desemba wakwe walikuja kumposa Sethunya. Hakukuwa na hema. Watu walikaa kwenye maturubai ya kuazima. Olebile alikuwa na kiti katika baraza la wanaume, kando ya Moatlhodi, amevaa koti lake la shuleni lenye chaki kwenye mifuko. Ng'ombe wa mkwe walipoingizwa, Moatlhodi alimpiga kikumbo.

"Mwalimu, hesabu."

Olebile alisimama. Hakuhesabu kwanza. Alikwenda kwa wa mbele akamkunjua sikio, na baraza zima, wakwe kwa wenyeji, likaangua kicheko mpaka Ranko asiyeona akauliza kumetokea nini. Alikagua wote wanane, sikio kwa sikio, ndipo akasema, "Wanane." Kisha akaketi.

Wanawake waliingia wakati huo, mstari mmoja, mashali yamefungwa kifuani kwa pini. Mama Sethunya alikuwa wa tatu. Shali lake lilikuwa na mikunjo ya miaka ishirini na minne, mistari iliyonyooka juu ya miraba, ambayo pasi ya mkaa ilikuwa imeshindwa kuitoa, na lilinuka dawa ya nondo kutoka mbali. Alipita mbele ya wanaume bila kugeuza shingo, akaenda kukaa mahali pake.

Olebile alikuwa na mzaha alioutayarisha kwa saa hiyo. Haukutoka. Moatlhodi alimtazama, akampa leso.

Hadi leo, akifika hapo, Mwalimu husema lilikuwa vumbi la ng'ombe. Na Molepolole nzima inajua kwamba mvua ilikuwa imenyesha siku mbili mfululizo.